Chai, Shai na Ti: Herufi Moja ya Kichina Katika Soko la Arua

Katika somo la maneno ya mkopo, neno chai halikosekani. Mwanafunzi huliorodhesha pamoja na sahani, kitabu, sukari na sabuni, kisha mbele yake huandika "Kiarabu". Wachache huandika "Kihindi". Mwalimu anayesahihisha, akiwa na rundo la karatasi mezani, huwapa wote wawili alama ya vema na kuendelea na karatasi inayofuata. Makala haya yanadai kwamba jibu la kwanza si sahihi, la pili ni sahihi nusu, na kwamba wanafunzi wetu wa Logiri, Vurra, Arua na Koboko wana ushahidi wa jambo hili midomoni mwao kuliko wanafunzi wengi wa pwani. Ili tuuone ushahidi huo, inatubidi kwanza tujifunze herufi moja tu ya Kichina.

Herufi za Kichina si ngeni tena katika West Nile. Barabara ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, takriban kilomita 92, ilitiwa lami katika miaka ya 2010 na kampuni kutoka China, na watu wa upande wa Logiri walizizoea herufi hizo kwenye mitambo ya ujenzi kabla hazijawafikia watoto wao madarasani. Chuo Kikuu cha Makerere kilifungua Taasisi ya Confucius mwaka 2014. Mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ilitangaza kwamba Kichina kitaanza kufundishwa katika shule 35 za sekondari, na mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, una nafasi ya Kiswahili na ya Kichina pia. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili asishangae akiulizwa swali linalovuka mpaka wa somo lake. Afadhali awe na jibu, hasa kwa herufi hii, maana tunainywa kila asubuhi.

Herufi yenyewe ni 茶. Maana yake ni chai.

Naiita herufi kwa sababu ndivyo watu wasemavyo, lakini jina hilo lina kasoro. Herufi yetu kama a au b huwakilisha sauti peke yake, haina maana. Alama ya Kichina huwakilisha silabi nzima pamoja na maana yake. Kwa istilahi ya mofolojia tungesema kwamba kila alama, kwa kawaida, ni mofimu moja. Ndiyo maana wasemaji wa lahaja za Kichina ambao hawaelewani hata kidogo wanapozungumza wanaweza kuitazama alama moja na kuielewa, kila mmoja akiisoma kwa sauti ya kwao. Jambo hili tulishike vizuri, kwa sababu ndilo lililotuletea maneno matatu katika soko moja la Arua.

Ukiitazama 茶 utaona sehemu tatu. Juu kuna kichwa cha majani, ambacho hukaa juu ya alama nyingi za mimea. Katikati kuna mistari miwili iliyoinama kama paa la nyumba, nayo hufanana na alama ya mtu. Chini kuna umbo linalofanana na alama ya mti. Walimu wa Kichina hupenda kuwaambia wanaoanza kwamba chai ni "mtu aliye kati ya majani na miti". Ni njia nzuri ya kukumbuka, na sidhani kama kuna mwalimu wa lugha anayeweza kuwalaumu. Lakini si historia. Zamani palikuwa na alama nyingine, 荼, iliyosomwa tu, ambayo imo tayari katika Shijing, mkusanyiko wa kale kabisa wa mashairi ya Kichina, ikiwa na maana ya mboga chungu. Alama hiyo ilitumiwa pia kwa mmea wa chai, mpaka katika enzi ya Tang (618–907) waandishi walipozoea kuacha mstari mmoja wa mlalo ili kuzitenganisha maana hizo mbili. Lu Yu, aliyeishi kuanzia mwaka 733 hadi 804, aliandika kitabu kizima kuhusu chai, kiitwacho Chajing, na umbo jipya likashika mizizi. Kwa hiyo chai ni mboga chungu iliyopunguziwa mstari mmoja. Yule mtu wa katikati hakuwamo tangu mwanzo. Amewekwa na macho ya wasomaji. Nasi katika Kiswahili tunao ugonjwa huo huo wa kulipasua neno vipande na kukipa kila kipande hadithi yake, kisha hadithi ikaingia katika vitabu vya wanafunzi kama ukweli.

Kuna mchezo mwingine juu ya alama hii ambao naupenda zaidi, kwa kuwa haujidai kuwa historia. Majani ya juu husomwa kama kumi mbili, yaani 20, na sehemu iliyobaki hupasuliwa ikatoa tarakimu za 8, 10 na 8, yaani 88. Jumla ni 108. Huko China na Japani mtu aliyetimiza miaka 108 husemwa kwamba amefikia umri wa chai.

Sasa tuje kwenye sauti. Katika Kichina sanifu alama yetu husomwa chá, kwa toni inayopanda. Toni ikibadilika, na neno limebadilika: chà, kwa toni inayoshuka, ni "pungufu" au "hafifu". Hapa msemaji wa Kiswahili hupata tabu, kwa kuwa Kiswahili hakitumii toni kutofautisha maneno. Msemaji wa Kilugbara hana tabu kubwa. Lugha yake ina toni ya juu, ya kati na ya chini, na tangu utoto anajua kwamba silabi mbili zinazoandikwa kwa herufi zile zile zinaweza kuwa maneno mawili tofauti. Nimewaona wanafunzi wa Logiri wakiidaka tofauti hiyo mara ya kwanza, huku mwalimu wao aliyelelewa katika Kiswahili akiomba irudiwe.

Lakini ukienda katika jimbo la Fujian, kusini-mashariki mwa China, alama ile ile husomwa te. Wengi hudhani kwamba cha na te ni maneno mawili yasiyohusiana. Sivyo. Kichina cha kale kilianza neno hili kwa sauti ya jamii ya t au d. Lahaja za Fujian, ziitwazo Min, zilikihifadhi kipasuo hicho. Kichina cha kaskazini na kile cha Guangdong vilikigeuza kuwa ch. Aliyesoma lahaja za Kiswahili hahitaji maelezo marefu. Mswahili wa Unguja husema macho, mchele, cheka na chini, na wa Mombasa au Lamu husema mato, mtele, teka na tini. Hakuna anayesema kwamba mato ni neno la lugha nyingine. Ni kweli kwamba mwelekeo wa mabadiliko haufanani: kwetu sauti zote mbili zimetoka katika konsonanti moja ya kale zaidi, na huko China t ndiyo iliyo karibu na ya kale. Kinachofanana ni ukawaida wake, kwamba t ya huku hulingana na ch ya kule neno baada ya neno. Mwanafunzi akishaelewa mato na macho, te na cha havimpigi chenga.

Kutoka hapo historia ni ya biashara. Aliyenunua majani kwa mtu wa Fujian aliondoka na te. Aliyenunua kwingine aliondoka na cha. Waholanzi wa karne ya 17, waliokuwa na makao yao Batavia, walifanya biashara na mabaharia wa Fujian, nao wakawapelekea Wazungu wenzao neno lililokuwa tea kwa Mwingereza na thé kwa Mfaransa. Wareno walikuwa wamekwisha kaa Macau, jirani na Guangdong, tangu karne ya 16, na ndiyo maana mpaka leo Mreno husema chá. Nchi kavu, misafara ilipeleka majani magharibi hadi Uajemi, na huko neno likapata mkia: likawa chay. Mkia huo ni wa Kiajemi. Katika lugha hiyo maneno mengi yenye kuishia kwa a ndefu huwa na umbo la pili lenye y mwishoni; mguu, kwa mfano, ni pa na pia ni pay. Waturuki, Warusi na wasemaji wa Kihindi na Kiurdu walilichukua neno likiwa na mkia wake. Waarabu nao walilichukua, lakini Kiarabu fasaha hakina sauti ya ch, hivyo likawa shay.

Hapa ndipo jibu la yule mwanafunzi wa kwanza linapoanguka. Tuchukue maneno ambayo hakuna anayebisha kwamba ni ya Kiarabu: sheria, shahidi, shukrani, shetani. Yote yana sh kwa Kiarabu, na yote yana sh kwa Kiswahili. Kiswahili hakina sababu ya kuigeuza sh ya Mwarabu kuwa ch, kwa kuwa sh anayo. Kama chai ingetoka katika Kiarabu fasaha, leo tungekuwa tunakunywa shai. Wako watakaotaja Waarabu wa Basra na Kuwait, ambao katika mazungumzo ya kila siku husema chay. Hoja ni nzuri, lakini inaturudisha pale pale, kwa sababu wao walilipata kwa majirani zao Waajemi.

Vipi kuhusu Wareno? Walikaa pwani yetu karne mbili, wakatuachia meza, leso, bendera, gereza na mvinyo. Ngome ya Mombasa iliwatoka mwaka 1698. Lakini chá yao haina i mwishoni. Kiswahili hakina desturi ya kubandika i kwenye neno ambalo tayari limeishia kwa irabu. Kipimo hicho hicho kinawagusa Wagujarati, waliokuwa wengi kati ya wafanyabiashara wa Kihindi wa Afrika Mashariki: wengi wao husema cha tu. Ndiyo maana nilisema kwamba aliyeandika "Kihindi" amepata nusu. Kihindi cha vitabuni, Kiurdu na lugha ya mchanganyiko iliyosemwa na askari na mafundi wa reli kutoka Bara Hindi vina chay. Duka la Mgujarati halikuwa nayo lazima. Umbo la neno linatuonyesha tawi, nalo ni tawi la Uajemi. Halituonyeshi mkono wa mtu mmoja aliyelishusha bandarini, na mwalimu asiubuni mkono huo ili jibu lipendeze.

Kuna pia wanaosema kwamba chai ililetwa moja kwa moja na Wachina wenyewe, katika merikebu za Zheng He. Hadithi hii imepata nguvu kwa sababu msingi wake ni wa kweli. Twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415, na merikebu za Zheng He zilifika pwani ya Afrika Mashariki katika safari ya miaka ya 1417 hadi 1419. Mwaka 2010 wachimbaji wa mambo ya kale walipata huko Mambrui sarafu ya shaba yenye herufi nne, Yongle tongbao, jina la enzi ya mfalme aliyetawala kati ya 1403 na 1424. Mwaka 2013 nyingine ikapatikana katika kisiwa cha Manda. Vyombo vya kauri vya Kichina vilikwisha kufika pwani karne nyingi kabla ya hapo, na vigae vyake viliokotwa Shanga, Kilwa na kwingineko. Basi Waswahili walikula katika bakuli za Kichina kwa muda wa miaka mia kadhaa, na wengine walishika mkononi herufi za Kichina zilizochongwa kwenye shaba. Lakini neno halikuja na bakuli. Mchina angetuachia cha. Ile i ndogo mwishoni inapinga hadithi nzima.

Kiswahili chenyewe kina ushahidi mwingine kwamba chai ilichelewa. Mahali pa kunywea chai panaitwa mkahawa. Kahawa, neno la Kiarabu, ilitangulia kuwa kinywaji cha barazani pwani, ikapata jumba lake katika lugha. Chai ilipokuja, katika karne ya 19, ikapanga chumba ndani ya jumba la mwenzake. Kilimo kilifuata baadaye: huko Limuru, Kenya, michai ya kwanza ilipandwa mwaka 1903.

Turudi sasa West Nile, maana hapa ndipo historia hii inaponoga.

Eneo hili limewahi kuvutwa kutoka pande tatu. Katika miaka ya 1880 lilikuwa sehemu ya jimbo la Equatoria chini ya Emin Pasha, na askari wake waliotoka Misri na Sudani walisema Kiarabu cha kambini. Baadhi ya waliobaki ndio mababu wa Wanubi wetu. Kisha likawa chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, katika kile kilichoitwa Lado, mpaka mwaka 1910. Likarudishwa Sudani, na mwaka 1914 likahamishiwa Uganda, mwaka huo huo ambao Arua ilianzishwa kuwa makao ya wilaya. Baada ya hapo vijana wa Kilugbara walianza kushuka kusini kutafuta kazi, wengi katika mashamba ya miwa ya Lugazi na Kakira, na wengine wakajiunga na jeshi la King's African Rifles. Huko kote walikutana na Kiswahili, na walikutana na chai. Sukari iliyotiwa katika chai hiyo, wengi wao walikuwa wameikata wenyewe ikiwa bado muwa.

Ndivyo neno chai lilivyopanda hadi Arua: kwa mguu wa kibarua, kwa buti la askari na kwa duka la Mhindi. Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, aliwafukuza Waasia mwaka 1972, na mwaka uliofuata akatangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Maduka yalifungwa, neno likabaki. Alipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudani, wakaishi huko miaka kadhaa. Waliokimbilia upande wa Aru na Ariwara walirudi na Lingala. Waliokimbilia upande wa Yei walirudi na Kiarabu cha Juba. Kwa Lingala chai ni ti. Kwa Kiarabu cha Juba ni shai, na wengine hutamka sai. Tangu mwaka 2013, vita vya Sudan Kusini vilipowasukuma wakimbizi wengi kuingia kwetu, shai imesikika zaidi, Koboko hasa.

Kwa hiyo siku ya soko mama mmoja mwenye birika Arua anaweza kuitwa kwa maneno matatu kabla ya saa nne. Dereva aliyetoka Kampala anaomba chai. Mchuuzi aliyevuka mpaka pale Odramacaku akitokea Ariwara anaomba ti. Mwanamke kutoka Yei anaomba shai. Mama anamimina kutoka birika lile lile. Ti ilitoka Fujian kwa merikebu ya Mholanzi, ikapita Ulaya, na iwe iliingizwa Kongo na Mbelgiji au na Mwingereza, shina ni moja. Shai ilipita kwa Waarabu na kupanda mto Nile. Chai ilipita Uajemi, ikavuka Bahari ya Hindi. Njia tatu zilizoachana zamani sana huko China zimekutana kwenye benchi moja, na herufi yake ni moja. Sijui mji mwingine wa Uganda ambao mwalimu anaweza kuyaonyesha haya bila kufungua kitabu. Na ndani ya uzio wa shule zetu mkutano huo huo hutokea kila siku saa nne, Kiingereza kinapoita tea na wapishi wakajibu chai.

Nimesisitiza jambo hili kwa sababu ya neno ambalo wanafunzi wa huku hulisikia tangu wakiwa wadogo, kwamba Kiswahili ni lugha ya kuazima na ya askari, na kwamba wao, watu wa mpakani, hata hicho cha kuazima wanakichafua. Kiswahili kiliwekwa katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri lilikubali kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari, lakini neno hilo halijafutika. Mwanafunzi wa Logiri aliyeandika shai katika insha hukatwa alama, na ni haki akatwe, kwa kuwa Kiswahili sanifu ni chai. Lakini kuna tofauti kati ya kukatwa alama na kuambiwa kwamba hajui kitu. Anajua matawi mawili zaidi ya mwalimu wake.

Kuna mahali pengine ambapo anakosea kwa akili, nalo ni suala la ngeli. Nimekutana mara nyingi na "chai changu" na "chai hiki kimepoa". Kosa hili lina mantiki. Mwanafunzi ameona chakula, chombo, chumba na choo, akahitimisha kwamba ch- mwanzoni ni kiambishi cha KI-VI. Kiswahili chenyewe kimewahi kufanya hivyo kwa maneno ya kigeni: kitabu cha Mwarabu kilipata vitabu, na cheti, lililotoka Bara Hindi kama chai, likapata vyeti. Wanyarwanda walikwenda hadi mwisho wa njia hiyo. Kwao chai ni icyayi, na huchukua upatanisho wa ngeli inayolingana na KI-VI yetu. Kiswahili sanifu kilikataa. Tunasema chai yangu, chai hii imepoa, katika ngeli ya I-ZI, na vyai hakuna. Mwalimu akiieleza hivi, mwanafunzi huliacha kosa upesi zaidi kuliko akipigiwa mstari mwekundu, kwa sababu anaona kwamba majirani zetu walilifikiria kama yeye.

Tukilinganisha matumizi, lugha hizi mbili zinakaribiana kuliko zinavyotarajiwa. Kwa Mchina 茶 hutaja mmea, jani na kinywaji, na akitaka kutenganisha huongeza alama ya pili: chashu ni chai na mti, chaye ni chai na jani. Kiswahili hufanya kazi hiyo kwa viambishi na maneno ya Kibantu: mchai shambani, majani ya chai dukani, chai kikombeni. Mchina huita chai hata maji ya maua yasiyo na jani la chai ndani yake. Sisi tuna mchaichai, ambao si jamii ya mchai kabisa. Tofauti ya kupendeza iko katika rangi. Ile tunayoiita chai ya rangi, ambayo Mwingereza huiona nyeusi na Mganda huiita kavu, Mchina huiita hongcha, chai nyekundu. Mwambie mwanafunzi aitazame kwenye glasi dhidi ya jua kabla hajaamua nani ana haki.

Halafu kuna chai isiyonyweka. Mchina anayo chaqian, "pesa ya chai", yaani bakshishi kwa aliyekuhudumia. Kwetu "toa chai" imeshuka zaidi hadi kuwa rushwa, na vijana wa Dar es Salaam wakisema "hiyo chai" wana maana ya uwongo. Lakini chai imebaki pia kuwa jina la mlo mzima: anayeuliza "umekunywa chai?" asubuhi huko Arua anauliza kama umekula, hata kama palikuwa na muhogo na maji baridi tu.

Kwa upande wa mitihani, napendekeza kwa walimu wenzangu kwamba safu ya "asili" katika orodha za maneno ya mkopo igawanywe mara mbili, moja ya chimbuko na moja ya njia. Chai ijazwe Kichina kwa chimbuko na Kiajemi kwa njia. Sukari, inayoingia katika kikombe hicho hicho, chimbuko lake ni Bara Hindi, lakini njia yake ni ya Kiarabu. Mwajemi husema shakar na Mwarabu sukkar, na Kiswahili kinaonyesha waziwazi kimemfuata nani. Zoezi hili linaweza kufanywa darasani bila kamusi yoyote, kwa kuwauliza wanafunzi waliovuka mpaka wa Vurra au wa Oraba vitu hivyo vinaitwaje ng'ambo, na kuyaandika majibu yote ubaoni bila kuyakataa. Na likitokea ti katikati ya insha ya Kiswahili, mimi hulizungushia duara, nikakata ile nusu alama inayostahili kukatwa, kisha pembeni nikaandika neno moja: Fujian.